Constituency Maana Yake Nini? Jua Yako Kabla 2027 Ifike

Ukiulizwa sai wewe ni wa constituency gani, utajibu bila kugoogle? Wengi watasema "mimi ni wa Pipeline" ama "mimi ni wa Nairobi". Huo ni mtaa na hiyo ni kaunti. Swali bado halijajibiwa. Hebu tulifungue hili neno mos mos.

MAANA
Constituency ni eneo ambalo wapiga kura wake wanachagua mbunge mmoja. Kiswahili cha Kenya kinaita eneobunge, na zikiwa nyingi ni maeneobunge. Majirani wetu Tanzania wanasema jimbo.

Neno hilo pia linamaanisha watu wenyewe. Mheshimiwa akisema constituency yake imekasirika, si barabara zimekasirika, ni wewe na mbogi yako. Mtu mmoja wa hapo anaitwa constituent. Usichanganye hayo mawili: "mimi ni constituency wa Kibra" ni makosa. Sema "mimi ni constituent wa Kibra."

USICHANGANYE NA HIZI
Wadi ni ndogo, na inachagua MCA. Eneobunge lina wadi kadhaa. Kaunti ni kubwa, na inachagua gavana, seneta na mwakilishi wa wanawake. Kwa hivyo hakuna kitu kama "constituency ya gavana", labda uwe unaongea kwa mafumbo.

Marekani mambo ni tofauti. Mbunge wao wa Congress anatoka kwa "district". "Precinct" ni kale kaeneo kadogo kabisa ka kupigia kura, lakini ukiwa umewatch Brooklyn Nine-Nine unajua precinct pia ni eneo la kituo cha polisi. Neno ni moja, kazi mbili.

KENYA ZIKO NGAPI?
Katiba ya 2010, kifungu cha 89, inasema maeneobunge ni 290. Kabla ya hapo yalikuwa 210. Wadi ni 1,450. Nairobi pekee ina maeneobunge 17 na wadi 85, ilhali zamani ilikuwa na maeneobunge 8 tu.

Cheki Embakasi. Ilikuwa moja, ikakatwa mara tano. Sasa Pipeline iko Embakasi South, Umoja iko Embakasi West, Kayole iko Embakasi Central, Dandora iko Embakasi North, na Utawala iko Embakasi East. Ukisema tu "mbunge wa Embakasi", tutakuuliza yupi.

Githurai nayo ni kali zaidi. 44 iko eneobunge la Roysambu, Nairobi. 45 iko Ruiru, kaunti ya Kiambu. Mnanunua nyanya kwa soko moja, lakini mbunge tofauti na gavana tofauti.

NANI HUCHORA MIPAKA?
Ni IEBC. Wanachukua idadi ya watu Kenya nzima wanagawanya na 290. Sensa ya 2019 ilipata watu 47,564,296, kwa hivyo wastani ni kama watu 164,000 kwa kila eneobunge. Kwa majiji na sehemu zenye watu wachache sana, katiba inaruhusu kupita ama kupungua kwa asilimia 40. Kwingine ni asilimia 30. Mipaka inafaa kuangaliwa upya kila baada ya miaka 8 hadi 12. Mara ya mwisho ilikuwa 2012, so piga hesabu mwenyewe.

YAKO NI GANI?
Hapa ndipo wengi huchomeka. Kwa kura, constituency yako si pale keja yako iko. Ni pale ulijiandikisha. Ulijisajili ocha ukiwa na miaka 18, sai unakaa Zimmerman? Basi huwezi kumtoa ama kumrudisha mbunge wa Roysambu, hata kama ni maji ya Zimma inakosekana kwako kila wiki. Siku ya kura utapanda gari mpaka ocha ama utakaa kwa nyumba. Hata kura ya rais unaipigia kituo ulichojisajili pekee.

Dawa ipo: unaweza kuhamisha usajili. Beba kitambulisho, enda ofisi ya IEBC ya eneobunge unalotaka kupigia kura, na uitishe uhamisho. Usingoje dakika ya mwisho, kwa sababu usajili hufungwa kabla ya uchaguzi. Kura ya 2027 ni Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10.

Na kumbuka basari ya NG-CDF pia hugawanywa kwa eneobunge. Kama hujui lako, hata fomu hutajua pa kuipeleka.

Sasa tuambie: wewe ni constituent wa wapi, na hapo ndipo unalipa rent?