Kabla ya kulipia masomo ya sanaa ya michezo ya video

KIJANA aliyemaliza shule ya upili akimwambia babake kuwa anataka kuchora michezo ya video, aghalabu jibu huwa kwamba hiyo si kazi. Ni kazi, ila mafunzo yake hayafanani na ya sheria wala uuguzi, na mzazi asiyelitambua hilo aweza kuuza kipande cha shamba kwa ajili ya cheti ambacho mwajiri hatakitazama.

Mwajiri wa taaluma hii hutaka kwanza kuona mkusanyiko wa kazi za mwombaji. Shahada ina manufaa yake pia. Anayenuia kuajiriwa Marekani, kwa mfano, atakuta kwamba viza ya H-1B huhitaji shahada au ujuzi unaolingana nayo.

Basi kabla ya kuuliza ni chuo kipi, mwanafunzi aulize ni kazi ipi. Kuna mbunifu anayechora wahusika na mandhari kabla ya mchezo kuundwa, kuna anayefinyanga maumbo ya pande tatu kwenye kompyuta, na kuna mhuishaji, anayeyapa maumbo hayo mwendo. Kampuni kubwa za ng'ambo hutafuta bingwa wa jambo moja. Studio za humu nchini ni chache na ndogo, na msanii mmoja huenda akatakiwa kuyafanya yote.

Wengi hupotoka kwa kudhani kuwa kozi ya uhuishaji wa filamu yatosha. Katika filamu, kompyuta yaweza kuchukua saa kadhaa kuandaa picha moja. Mchezo huhitaji picha 30 au 60 kila sekunde, zikiandaliwa papo hapo kufuatana na anachobonyeza mchezaji. Kwa picha 60, kila moja hupata takriban milisekunde 17 pekee. Ndiyo maana mhusika aliyefinyangwa kwa mamilioni ya vipande hujengwa upya kwa maelfu tu, kisha makunyanzi ya ngozi na mishono ya nguo hupakwa juu yake kama picha. Kozi isiyofundisha ujuzi huo, wala kumfikisha mwanafunzi kuiingiza kazi yake ndani ya Unity au Unreal na kuiona ikienda, ni kozi ya kitu kingine, hata brosha yake ikipambwa vipi.

Jijini Nairobi, taasisi ya ADMI hufundisha uundaji wa michezo hii. Idara za sanaa katika Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Kenyatta hutoa msingi wa uchoraji: umbo la mwili, mwanga na rangi. Msingi huo haupitwi na wakati, ilhali programu hubadilika kila uchao.

Anayejifunzia nyumbani ana Blender, programu ya bure. Gharama yake ni kompyuta yenye nguvu, na upungufu wake ni kukosa wa kumkosoa. Hata hivyo, ningemshauri kila mwenye shaka aitumie miezi sita kabla ya kulipa karo popote, kwani hata mabingwa hawana hakika ya ajira: mnamo 2023 na 2024 kampuni za michezo duniani zilifuta maelfu ya wafanyakazi.

Akiazimia kusoma, mzazi aandamane naye chuoni, waombe kuonyeshwa kazi za waliohitimu mwaka uliotangulia, na waulize ni michezo gani walimu wenyewe wamewahi kuiunda.