Kansa ya utumbo mwembamba: ekografi, skana ao IRM?

Mtu wa Fizi ao Baraka ambaye tumbo linamuuma kila akikula, anatapika na anakonda, kwanza anatibiwa minyoo, amiba ao vidonda vya tumbo. Mara nyingi ndivyo ilivyo kweli. Lakini dawa zikiisha na shida inabaki, ao damu inapunguka bila sababu kujulikana, munganga anaweza kufikiria kansa ya utumbo mwembamba. Ni kansa ya nadra, tena ngumu kuiona: utumbo huo una urefu wa karibu mita 6, umejikunja katikati ya tumbo.

Ekografi ndiyo ya kwanza. Inaweza kuonyesha utumbo ulioziba, ukuta ulionenepa ao uvimbe kwenye ini. Lakini hewa ya ndani ya matumbo inaficha mengi. Ekografi ikitoka safi, haimaanishi hakuna kitu.

Mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni unafika mwanzo tu wa utumbo mwembamba. Ule wa kupitia nyuma unaona kipande cha mwisho. Katikati hapaonekani.

Skana inaona pale katikati. Mgonjwa anakunywa maji mengi ili utumbo ufunguke, kisha anachomwa dawa kwenye mshipa. Picha zinaonyesha uvimbe ulipo na kama umesambaa. Mwenye mimba ao ugonjwa wa figo aseme mapema.

IRM inafanya kazi karibu sawa, bila mionzi, ila inachukua muda zaidi.

Kuna pia kidonge chenye kamera, kilichoanza kutumiwa mwaka 2001. Kinaona vidonda vidogo ambavyo skana inaweza kukosa. Lakini kinaweza kukwama penye njia iliyobana, kwa hiyo mwenye dalili za kuziba hapewi ovyo.

Hata hivyo, picha peke yake haithibitishi kansa. Lazima kipande cha nyama kipimwe maabara.

Basi, kabla familia haijauza mbuzi ili mgonjwa apelekwe Uvira, Bukavu ao mbali zaidi, iulize munganga: kipimo hiki kinatafuta nini? Kikiona kitu, upasuaji utafanyiwa wapi? Na karatasi za ekografi na za damu zibebwe zote.

Lakini tumbo likivimba, mtu anatapika na hapati choo wala hewa, asingojee safari ya skana. Afikishwe hospitali ya karibu yenye upasuaji siku hiyohiyo.