Kupunga Upepo: Shamba, Dago na Banda katika Mapumziko ya Pwani ya Unguja

Msemo wa kupunga upepo umetangulia kwa miaka mingi neno utalii, na historia yake haikuanzia hotelini. Katika Unguja ya karne ya 19, mtu wa mjini aliyetaka kupumzika alikwenda shamba. Kwa msemaji wa Mji Mkongwe, shamba si lazima pawe pamelimwa. Ni kila palipo nje ya mji, hata pakiwa ni mchanga mtupu wa Chwaka au Makunduchi. Wakulima na wavuvi wa huko nao huitwa watu wa shamba, jina ambalo mara nyingi halikosi dharau.

Ushahidi mmoja wa maandishi unatokana na Salme bint Said, aliyezaliwa katika kasri la Mtoni mwaka 1844 na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, akiwa tayari ni Emily Ruete. Baada ya uasi wa mwaka 1859, ambamo alimuunga mkono ndugu yake Barghash, alijitenga na mji, akaishi mashambani na hatimaye Bububu, kando ya bahari. Anaikumbuka nyumba ile kwa mapenzi. Aliiacha pale balozi wa Uingereza alipoitaka iwe makazi yake ya shamba. Kumbe ushindani wa kugombea nyumba zenye upepo mzuri si jambo la jana. Barghash mwenyewe, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alikuwa na kasri Chukwani, kusini ya mji, na jingine Marhubi, kaskazini. La Marhubi liliungua mwaka 1899, na nguzo zake zingali zimesimama.

Starehe hiyo ilibebwa na mikono ya wengine. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, lakini hali ya utumwa haikuondolewa katika sheria hadi 1897. Kwa hiyo Marhubi, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1880, ilikuwa mahali pa mapumziko katika nchi ambamo aliyechota maji na kuchuma karafuu angeweza bado kuwa mali ya mtu. Msomaji wa kumbukumbu za Salme hana budi kulizingatia hilo kila anapokutana na sifa za bustani.

Mvuvi naye ana safari yake ya ufukweni, nayo ni dago. Kwenda dago ni kuhamia ufuo wa mbali kwa msimu, kujenga kibanda cha makuti, kulala karibu na chombo na kuanika samaki. Mtu akiitazama kwa mbali, picha ni ileile inayouzwa leo kwa mgeni: makuti, mchanga, kimya. Tofauti ni kwamba mwenye dago yuko kazini. Neno banda, lililokuwa jina la kibanda cha kazi au cha mifugo, limekwishapanda cheo na kuwa chumba cha mgeni, chenye bei ya usiku mmoja.

Mabadiliko makubwa yaliufikia ufuo wa mashariki kwa njia mbili takribani wakati mmoja. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianzishwa Paje na Jambiani mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake wakawa wanawake. Nyumba za wageni nazo ziliongezeka kufuatia kulegezwa kwa masharti ya uchumi katikati ya miaka ya 1980. Vyote viwili vilihitaji eneo lilelile, yaani ile sehemu ya bahari inayofunikwa na kufunuliwa kila siku.

Hapa lugha yenyewe inasaidia kuuona mgogoro. Neno pwani linahusishwa na kitenzi kupwa. Kwa mtu wa Jambiani, kwenda pwani ni kushuka maji yakiwa yametoka, kutafuta chaza na pweza au kufunga mwani kwenye kamba zilizowambwa baina ya vijiti. Mgeni aliyekuja kuogelea huona kwamba maji yakipwa starehe yake imekatika, naye husubiri yajae. Wakati huohuo wanawake wanashuka. Maji yanapojaa tena wao wanapanda na magunia ya mwani mbichi, wakipita mbele ya viti vya wageni kwenda kuuanika, pale ambapo njia ya kupandia haijazibwa na ukuta wa hoteli.