Mafuta ya Makonyo

Mwenye kuumwa na jino Mwanakwerekwe hana haja ya kwenda mbali. Hununua karafuu sokoni, akaiweka punje moja juu ya jino bovu na kuiuma, na punde fizi hufa ganzi. Dawa hiyo ni ya kale, lakini mti wake ni mgeni kisiwani. Asili yake ni visiwa vya Maluku. Wafaransa waliupeleka Mauritius katika karne ya 18, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukafika Unguja. Enzi ya Seyyid Said mashamba yalienea kwa jasho la watumwa, jambo ambalo wausifuo uturi huu husahau kulitaja. Mwaka 1872 kimbunga kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja. Pemba ikanusurika zaidi, na hadi leo ndiyo yenye karafuu nyingi.

Kinachotuliza jino ni eujenoli, iliyomo katika tumba, katika jani na katika konyo. Tumba ni ghali mno kuchemshwa; kwa hiyo kiwanda cha Wawi, Chake Chake, hutoa mafuta kwa mvuke kutoka makonyo, yale mabua yanayotengwa karafuu zinapochambuliwa. Madaktari wa meno huichanganya eujenoli na unga wa oksidi ya zinki, wakapata saruji ya kuzibia jino kwa muda.

Mafuta hayo yakitumiwa matupu huunguza fizi, na mtoto akiyanywa huweza kudhurika ini. Tena hunyamazisha maumivu tu: tundu la jino huendelea kuchimbika, na mgonjwa, kwa kuwa amelala usingizi, huahirisha safari ya hospitali.