Mvinyo, divai au waini?

Majuzi tulienda kula chajio katika hoteli moja jijini Nairobi. Mhudumu alipotuletea mbuzi wa kuchoma aliuliza: “Mtakunywa waini gani, nyekundu ama nyeupe?” Mwenzangu akamkosoa: “Sema mvinyo!” Mwingine akadakia: “La, divai!” Je, nani alikuwa sahihi?

Wote. “Mvinyo” linatokana na neno la Kireno, vinho. Wareno, waliofika pwani yetu mwaka wa 1498, ndio pia waliotupa “meza” tunayoandalia chakula. “Divai” asili yake ni Kifaransa, du vin. “Waini” nalo tumelitohoa kutoka Kiingereza.

Hata hivyo, matumizi yameyatenganisha maneno haya. Siku hizi wengi husema “mvinyo” wakimaanisha pombe yoyote kali. Gazeti likiandika kwamba mvinyo umeua watu, msomaji atajuaje iwapo ni kinywaji cha zabibu au chang’aa? Katika Biblia ya Kiswahili, kilichopungua kwenye arusi ya Kana ni divai, na hapo hakuna utata.

Kwa hivyo, kinywaji cha zabibu tukiite divai. Mhudumu naye tusimcheke, alieleweka.