Gari la Dereva, Kanuni za Kampuni

Kifurushi kinapofika mlangoni nchini Marekani, anayekileta huwa amevaa sare yenye jina la kampuni inayojulikana dunia nzima, na gari lake lina nembo hiyo hiyo. Hata hivyo, mara nyingi mtu huyo hakuajiriwa na kampuni hiyo. Anayemlipa ni mkandarasi ambaye mwenye kifurushi hajapata kumsikia, na jambo baya likitokea barabarani, mabishano huanzia kwenye swali la nani hasa mwajiri wake. Wengi hudhani utaratibu huu uliletwa na biashara ya mtandaoni, lakini kwa kweli ulianza kabla intaneti haijafika majumbani.

Kampuni iliyokuja kuitwa UPS ilianzishwa Seattle mwaka 1907 na James Casey, kijana wa miaka 19, pamoja na mwenzake. Madereva wake walikuwa waajiriwa, na baadaye wakaingia katika chama cha wafanyakazi cha Teamsters. Hadi kufikia miaka ya 1980, kampuni hiyo ndiyo iliyotawala usafirishaji wa vifurushi kwa barabara. Mwaka 1980 Bunge la Marekani lililegeza sheria zilizobana biashara ya malori, na mlango ukawa wazi kwa washindani. Mwaka 1985 kampuni ya Roadway Services ikaanzisha tawi la vifurushi mjini Pittsburgh, lililoitwa RPS. Vifurushi vyake vilisomwa kwa msimbopau, na madereva wake walikuwa wakandarasi wenye magari yao wenyewe.

Kwa nini wakandarasi? Wakosoaji wanasema lengo lilikuwa kukwepa chama cha wafanyakazi, kodi za mwajiri na malipo ya saa za ziada. Kampuni yenyewe ilidai kuwa mtu anayemiliki gari na eneo lake hujituma kuliko mwenye mshahara. Maelezo ya tatu hayatajwi sana, nayo ni kwamba mgeni anayetaka kushindana na UPS alihitaji maelfu ya magari, na njia nyepesi ya kuyapata ilikuwa kumwachia kila dereva anunue la kwake. Naona maelezo haya ya tatu yanaeleza vizuri mwanzo wa utaratibu. Lakini hayaelezi kwa nini uliendelea hata mtaji ulipokuwa mwingi, na hapo hoja ya wakosoaji ina uzito zaidi. Mwaka 1998 RPS ilinunuliwa na wenye FedEx, na mwaka 2000 ikabadilishwa jina kuwa FedEx Ground. Madereva wa FedEx waliohudumia vifurushi vya ndege walikuwa waajiriwa, ilhali hawa wa barabarani walibaki wakandarasi.

Dereva alinunua gari, mafuta, matairi, bima na sare. Mkataba, kwa upande wake, ulitaja aina ya weupe wa rangi ya gari, vipimo vya rafu za ndani na viatu vya kuvaa. Meneja aliweza kupanda garini hadi mara nne kwa mwaka kumkagua dereva akiwa kazini, na katika mambo aliyoyaandika lilikuwemo hili: je, baada ya kufunga gari, dereva ametia funguo kwenye kidole cha mwisho cha mkono asioandikia? Aliyeitwa mfanyabiashara huru alipangiwa hata kidole cha kushikia funguo zake.

Ugumu wa mambo ya usalama ulianzia hapa. Sheria ya shirikisho ya usalama barabarani humhesabu dereva wa gari kubwa la biashara kuwa mwajiriwa wa msafirishaji, hata kama mkataba unamwita mkandarasi, ili pasiwe na gari lisilo na mwenye kuwajibika. Sheria za mishahara na za vyama vya wafanyakazi hazikufuata njia hiyo. Zenyewe huuliza ni nani anayeamua kazi ifanywe vipi. Kwa hiyo kampuni iliyomsimamia dereva kwa karibu, hata kwa nia ya kuzuia ajali, ilikuwa inakusanya ushahidi dhidi yake yenyewe, isipokuwa pale ilipoweza kuonyesha kwamba sharti fulani limetoka serikalini.

Mahakama ziligawanyika. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa ya jimbo la California ilisema madereva hao ni waajiriwa. Miaka miwili baadaye mahakama ya rufaa ya shirikisho mjini Washington, katika kesi ya madereva wa Wilmington, Massachusetts, iliamua kinyume, kwa hoja kwamba waliweza kuuza maeneo yao na kuajiri wasaidizi. Kisha Agosti 2014 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya ukanda wa magharibi ikawapa ushindi madereva wa California na Oregon. Jaji mmojawapo alikumbusha kichekesho kinachohusishwa na Abraham Lincoln, kwamba ukiuita mkia wa mbwa mguu, mbwa hatakuwa na miguu mitano. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kulipa dola milioni 228 kumaliza kesi ya California.

Mtu angetarajia kwamba sasa madereva wataajiriwa na kampuni. Haikuwa hivyo. Hata kabla ya hukumu hiyo, kampuni ilikuwa imeanza kuachana na mkandarasi mmoja mmoja, ikitaka mikataba na kampuni ndogo zilizosajiliwa, nazo ndizo ziajiri madereva. Dereva akawa mwajiriwa kweli, lakini wa mtu mwingine.

Mwaka 2018 Amazon ilianzisha mpango unaofanana na huo. Iliwaambia watu kuwa wanaweza kuanza kwa mtaji wa dola 10,000 na kuendesha hadi magari 40. Hapa uzito wa gari una maana kubwa. Kanuni za shirikisho kwa kawaida huanza kwenye uwezo wa pauni 10,001, yaani kilo 4,536 hivi za gari na mzigo wake. Dereva wa gari la namna hiyo haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 11 kabla ya kupumzika saa 10. Magari mengi madogo ya vifurushi yako chini ya kiwango hicho, na kanuni hizo haziyagusi, labda yawe yamebeba shehena ya hatari. Tangu 2008 madereva wa magari hayo madogo walioajiriwa wana haki ya malipo ya ziada baada ya saa 40 kwa wiki, haki ambayo wenzao wa magari makubwa kwa kawaida hawana. Mmoja amewekewa kikomo cha saa bila nyongeza, mwingine ana nyongeza bila kikomo.

Pengo hilo lilizibwa kwa mashine. Mwaka 2021 Amazon ilianza kufunga kamera zinazomtazama dereva pamoja na barabara, na kumwonya anapopitiliza alama ya kusimama. Kampuni ilisema kamera zitapunguza ajali, na hilo halina sababu ya kupuuzwa. Madereva walijibu kwamba haraka yao inatokana na idadi ya vifurushi, ambayo kamera haiihesabu. Machi mwaka huo huo kampuni ilikanusha kwamba wafanyakazi wake hukojoa kwenye chupa. Siku chache baadaye iliomba radhi, ikakiri kuwa madereva hupata shida kupata choo wakiwa njiani.

Aprili 2023 madereva 84 wa mkandarasi mmoja huko Palmdale, kwenye jangwa la California, walijiunga na Teamsters. Joto ndani ya magari lilikuwa mojawapo ya malalamiko yao. Kanuni za California humtaka mwajiri awape maji, kivuli na mapumziko wanaofanya kazi nje, lakini aliyewalipa mishahara hakuwa ndiye aliyepanga vifurushi vya siku na njia ya kupita. Amazon ilisema si mwajiri wao na kwamba mkataba na mkandarasi huyo ulikuwa umeshavunjwa. Agosti 2024 ofisi ya kanda ya bodi ya taifa ya mahusiano kazini iliona vinginevyo: Amazon na mkandarasi ni waajiri kwa pamoja. Amazon ilipinga, na Desemba mwaka huo madereva wa vituo kadhaa wakagoma kabla tu ya Krismasi, wakiitaka ikae nao mezani.