Picha, Sauti na Somo la Kiingereza

Ndugu zangu tuliomaliza zamani, nanyi wadogo zetu mlioko madarasani,

Mtoto wa Lulindi hujifunza Kimakua, Kiyao au Kimakonde nyumbani, na Kiswahili shuleni. Akiingia Kidato cha Kwanza, hutakiwa kusoma fizikia na jiografia kwa Kiingereza, lugha asiyoisikia sokoni wala kwenye mikorosho. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walizichunguza sekondari za nchi yetu, wakaona kuwa wanafunzi wengi hawakukimudu Kiingereza kiasi cha kusomea masomo mengine. Wapo wanaoamini kuwa dawa ni mashine. Basi na tuitazame historia ya mashine hizo.

Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Notcutt na Latham waliendesha jaribio la sinema za elimu kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani. Picha zilikuwa kwenye filamu na maneno kwenye santuri, hivyo picha ile ile iliweza kusemewa kwa Kiswahili hapa na kwa lugha nyingine kule.

Baada ya Uhuru, Radio Tanzania ilitangaza vipindi vya shule. Vilifika mbali, ila redio haimngoji mwanafunzi: neno likipita limepita. Zanzibar ilipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi wa Bara tuliingoja hadi 1994.

Zikaja kanda za video. Nilipokuwa mwanafunzi, tulilipa kiingilio katika vibanda vya jenereta tukatazame sinema za Marekani na Hong Kong. Tulitoka tukijua mateke, si sarufi. Kisha Dar es Salaam wakatokea wasimulizi, mashuhuri miongoni mwao akiwa Lufufu, waliokifunika Kiingereza kwa Kiswahili kitamu. Watazamaji walifurahi, lakini Kiingereza hakikusikika tena.

Katika historia hii naona funzo moja. Picha huvuta macho, ila ulimi huhitaji mwalimu. Ubora wa video kuupita ule wa redio ni kwamba husimamishwa na kurudishwa nyuma. Mwalimu aizime sauti, awaulize wanafunzi mtu yule anasema nini. Kisha aifungue, wasikie, warudie, mwishowe watunge mazungumzo yao wenyewe. Dakika tatu zilizorudiwa mara tano zina faida kuliko sinema ya saa mbili iliyotazamwa kimya.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tukichanga fedha za projekta, tuchange pia za kumpeleka mwalimu mafunzoni, kwani bila yeye chombo hicho kitaishia kabatini au kuonyesha mpira. Nanyi wanafunzi, simu mtakayoiazima likizo iwe daftari lenu: sikilizeni, simamisheni, semeni kwa sauti. Mtihani wa Kidato cha Nne hauna msimulizi wa kuwatafsiria.